Kuipandisha Anna Bolena jukwaani: anza na dakika ishirini za mwisho

Ukikabidhiwa kazi ya kuipandisha jukwaani Anna Bolena ya Gaetano Donizetti, mawazo yatakimbilia kwenye magauni, mataji na kuta za mawe. Yaweke kando kwanza. Opera hii husimama au huanguka katika onyesho lake la mwisho, pale malkia aliyehukumiwa kufa yumo ndani ya Mnara wa London, akili imemruka, naye anaimba kwa karibu dakika ishirini kabla ya kutolewa kwenda kuuawa. Kila uamuzi utakaoufanya, tangu kumchagua mwimbaji hadi kukata kitambaa, upime kwa swali moja: je, utamfikisha mwanamke huyu pale akiwa bado na pumzi, na watu ukumbini wakiwa bado wanamsikiliza?

Nimekaa nyuma ya pazia la opera hii mara mbili, nikimsaidia mwongozaji katika ukumbi mdogo wa chuo cha muziki nchini Ujerumani. Mara ya kwanza tulianza na mandhari. Tulijenga ngazi ya mbao yenye vipandio kumi na vinane, tukaipenda mno. Usiku wa kwanza soprano wetu, mwimbaji wa kike wa sauti ya juu, alipanda ngazi ile, akashuka, na alipofika kwenye wimbo ulio mpole kuliko zote pumzi ikamkatikia katikati ya sentensi. Baadaye alilia chumbani kwake, na kosa halikuwa lake. Mara ya pili tulianza mwisho tukarudi nyuma, na hiyo ndiyo njia ninayokueleza hapa.

Hatua ya 1: Jua hadithi mbili, kisha amua ipi ni ya jukwaani

Donizetti aliitunga opera hii mwishoni mwa mwaka 1830, sehemu kubwa akiwa mgeni nyumbani kwa mwimbaji Giuditta Pasta kando ya Ziwa Como, kwa maneno ya mshairi Felice Romani. Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 26 Desemba 1830 katika ukumbi wa Teatro Carcano, Milano, na Pasta ndiye aliyekuwa Anna. Mwaka uliofuata ilikuwa imeshafika London. Baadaye ilisahaulika kwa miongo mingi, hadi Aprili 1957 Maria Callas alipoiimba La Scala, ukumbi mkubwa wa opera wa Milano, chini ya uongozaji wa Luchino Visconti. Tangu hapo imerudi kwenye orodha za kumbi kubwa.

Historia yenyewe ni hii. Anne Boleyn, ndiye Anna wa opera, alivikwa taji la malkia wa Uingereza tarehe 1 Juni 1533 na akauawa kwa upanga ndani ya Mnara wa London tarehe 19 Mei 1536. Siku kumi na moja tu baadaye Mfalme Henry wa Nane alimwoa Jane Seymour, aliyekuwa mmoja wa wanawake waliomhudumia malkia. Mwanamuziki Mark Smeaton alikiri kuzini na malkia, akauawa tarehe 17 Mei pamoja na wanaume wengine wanne, akiwemo kaka yake Anne.

Romani aliichukua historia hii akaikaza kama kamba ya ngoma. Katika opera kengele za malkia mpya zinalia Anna akiwa bado hai. Lord Percy, ambaye katika historia alikaa miongoni mwa mabwana waliomhukumu Anne, hapa ni mpenzi wake wa ujanani, aliyerudi kutoka uhamishoni na kunaswa katika mtego wa mfalme. Utakutana na watu watakaotaka uyasahihishe hayo. Usikubali. Historia itumie kwa nguo, kwa jengo, kwa namna watu wanavyopiga goti mbele ya mfalme. Mambo ya moyoni yafuate opera, kwa sababu muziki umeandikwa kwa ajili ya Percy wa opera na si kwa yule wa kwenye kumbukumbu za mahakama. Majina nayo yaache yaimbwe Kitaliano: Henry ni Enrico, Jane Seymour ni Giovanna, Smeaton ni Smeton.

Hatua ya 2: Tafuta nota, kisha amua utakachokata

Donizetti alifariki mwaka 1848 na Romani mwaka 1865, kwa hiyo kazi yenyewe haidaiwi haki na mtu. Nota za zamani za sauti na kinanda zinapatikana bure. Ila toleo la kitaalamu lililosahihishwa upya, pamoja na karatasi za kila mpiga ala wa okestra, hukodishwa kutoka kwa wachapishaji, na bei yake hutegemea ukubwa wa ukumbi na idadi ya maonyesho. Uliza mapema, miezi sita kabla au zaidi. Ukichanganya toleo la bure kwa waimbaji na toleo la kukodi kwa okestra, hakikisha mtu mmoja ameyalinganisha mstari kwa mstari. Siku ya kwanza na okestra si siku ya kugundua kwamba tenori, mwimbaji wa kiume wa sauti ya juu, amejifunza wimbo wake katika ufunguo mwingine.

Ikiimbwa yote, opera hii inapita saa tatu. Wengi hukata. La Scala mwaka 1957 walikata sana, na hilo halikuzuia usiku ule kuingia katika historia. Lakini kabla ya kushika kalamu nyekundu, uelewe namna wimbo wa belkanto, yaani mtindo huu wa Kitaliano wa uimbaji wa madoido, ulivyojengwa. Kwanza mhusika huongea kwa kuimba. Kisha huja kantabile, sehemu ya polepole ambamo anazama ndani ya hisia moja. Halafu kitu kinatokea: mjumbe anaingia, kengele inalia, habari mbaya inafika. Habari hiyo inamsukuma kwenye kabaleta, sehemu ya haraka inayoimbwa mara mbili. Watu wengi hukata ile mara ya pili wakidhani ni marudio matupu. Msikilizaji wa taarabu hahitaji kuelezwa kwa nini hilo ni kosa. Ubeti ukirudiwa, mwimbaji hodari hauachi kama alivyoukuta; hapo ndipo anapotia madoido yake, na hapo ndipo tunapomjua. Ukikata marudio ya Anna umekata pale ambapo msikilizaji anasubiri.

Kama lazima ukate, mimi ningeanza na muziki wa utangulizi kabla ya pazia, kisha baadhi ya marudio ya kwaya, kisha vipande vya mazungumzo katika sehemu ya pili ambavyo vinaeleza mambo tunayoyajua tayari. Wimbo wa kijana Smeton usiuguse hata kidogo. Sababu utaiona katika hatua ya 5.

Hatua ya 3: Mchague Anna kwanza, na wengine wote baada yake

Usitangaze opera hii kama bado huna Anna. Sauti ya Pasta ilikuwa na chini nzito na juu inayofika mbali, na Donizetti aliandika kwa kuifuata sauti hiyo. Soprano mwepesi mwenye nota za juu zinazong'aa atapendeza katika nusu saa ya kwanza na atakwama katika Mnara, ambako wimbo wa mwisho unashuka chini kwenye kifua kisha unapanda kwa mitetemo ya sauti, ngazi kwa ngazi. Katika usaili, usimwombe aanze na wimbo wa mwisho peke yake. Mwombe aimbe kwanza duwa, yaani wimbo wa watu wawili, yake na Giovanna, apumzike dakika kumi, halafu onyesho la Mnara lote kutoka mwanzo. Utakachosikia dakika ya kumi na nane ndiyo sauti utakayoiuza kwenye tiketi.

Giovanna ni mezosoprano, sauti ya kike ya katikati, na afanane na Anna kwa uzito wa sauti. Wakisimama wawili, asikilizaye asijue mapema nani atashinda. Percy aliandikiwa Giovanni Battista Rubini, tenori aliyesifika kwa nota za juu zisizo za kawaida. Tenori wengi wa leo hushusha ufunguo, na hakuna aibu ndani yake. Smeton ni kontralto, sauti ya kike ya chini, yaani mwanamke anayeigiza kijana wa kiume. Chagua mtu anayejua kutembea kama kijana wa miaka kumi na sita, asiye na pa kuiweka mikono yake.

Enrico ni besi, sauti ya kiume ya chini, naye nitamsemea kidogo zaidi. Mfalme huyu hana wimbo wake peke yake katika opera nzima. Yumo katika duwa, katika makundi, katika vitisho vya maneno matatu manne, lakini Donizetti hakumpa mahali pa kutufungulia moyo. Waongozaji wengi hulifidia hilo kwa kumfanya apige kelele na kuvunja vitu. Mimi naliona kama zawadi. Mtu ambaye kila mmoja anamwogopa, na ambaye hatuelezi kamwe kwa nini anafanya analofanya, anatisha zaidi akiwa amesimama tu. Tafuta besi anayejua kusikiliza wenzake wanapoimba.

Kwaya: chini ya watu ishirini utapata taabu. Wanaume ndio wanaofungua opera kwa kunong'ona usiku, wakimngoja mfalme asiyekuja kwa mkewe. Wanawake ndio wanaofungua onyesho la Mnara, wakimlilia bibi yao. Kunong'ona kwa kuimba ni kazi ngumu kuliko kupaza sauti, kwa hiyo kwaya ianze mazoezi mapema.

Hatua ya 4: Kaeni mezani mkasome maneno

Hapa ndipo ninapoomba uwe na subira, maana ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Siku mbili nzima, bila kinanda, wahusika wote wakae mezani wasome maneno ya Romani kwa sauti, kisha kila mmoja aseme kwa lugha yake mwenyewe anachokisema. Kama kuna mtu katika kundi lako aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili, ataona jambo kabla ya wengine: Waitaliano hawa nao huhesabu mizani. Wimbo wa polepole wa Anna katika Mnara umejengwa kwa vipande vya mizani tano tano, kama pumzi za mtu aliyechoka. Wimbo wa mwisho una mizani kumi kwa mstari, na mapigo yake yanasukuma mbele kama farasi. Mwimbaji akijua hivyo, anajua pa kuvuta pumzi bila kuambiwa na kondakta.

Sasa fungueni ukurasa wa mwisho. Anna amesikia mizinga na kengele. Anauliza ni sherehe gani, anaambiwa kuna malkia mpya, na akili yake inamrudia kwa ghafla. Muziki unawaka moto. Anaanza kwa maneno Coppia iniqua, yaani enyi wawili waovu, na kila anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani anawalaani. Endeleeni kusoma. Sentensi haijaisha. Anasema: saa hii ya kutisha siwaombei kisasi cha mwisho, kaburi lililofunguliwa linaningoja, na niingie humo nikiwa na msamaha mdomoni.

Mdomo unasamehe, okestra inaunguruma. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na kazi yako ni kuyashika yote mawili bila kuliangusha hata moja. Nimeona Anna aliyeuimba kama laana tupu, akitikisa ngumi, na watu wakampigia makofi sana. Lakini hakuna aliyetoka akijua kwamba yule mwanamke alikuwa amesamehe. Nimeona pia mwingine aliyeuimba kama mtakatifu, macho juu, na moto wote ukazimika. Mwambie mwimbaji wako hivi: anataka kulaani, ana kila haki ya kulaani, na katika kila mstari anajizuia. Mitetemo ile ya sauti inayopanda ndiyo nguvu ya kujizuia. Akiipata hiyo mezani, jukwaani utabaki na kazi ya kumpa nafasi tu.

Mkitoka hapo, rudini kwenye duwa ya Anna na Giovanna mwanzoni mwa sehemu ya pili. Anna anamwombea mabaya mpinzani ambaye hamjui jina, na anayemsikiliza ndiye mpinzani mwenyewe. Giovanna anashindwa kuvumilia, anaanguka na kukiri. Na Anna, baada ya kushtuka kwake, anamwambia aende na aende na msamaha wake. Msamaha wa mwisho umeanza hapa. Kama hapa haukuonekana unamgharimu, kule mwisho hautaaminika.

Hatua ya 5: Panga jukwaa kwa vitu vitatu

Maeneo ni mengi: kasri la Windsor, bustani ya kuwindia, chumba karibu na vyumba vya malkia, gereza. Usijenge manne. Jenga kuta mbili tatu zinazogeuka, kwa mbao ngumu, kwa sababu mbao nyuma ya mwimbaji humrudishia sauti yake mbele, ilhali mapazia mazito ya mahameli huinywa. Ngazi ikiwepo, iwe na vipandio vitano, vipana na vifupi. Fedha na akili zako zielekeze kwenye vitu vitatu vifuatavyo.

Cha kwanza ni kinubi. Katika onyesho la mwanzo malkia ana huzuni, anamwomba Smeton awaimbie, na kijana anapiga kinubi huku akiimba habari za mapenzi ya kwanza. Anna anamkatiza, maana ameguswa mahali asipotaka kuguswa. Saa tatu baadaye, Mnarani, akili ikiwa imempotea, anamgeukia Smeton na kumuuliza kwa nini haweki sawa nyuzi za kinubi chake, na nani amezikata. Kama watazamaji hawakukiona kinubi kile mwanzoni, swali hilo halina uzito. Kwa hiyo kiwe kikubwa cha kutosha kuonekana kutoka kiti cha mwisho, kiwekwe mahali pamoja katika matukio yote ya Windsor, na katika Mnara kisiwepo. Mwache Anna aguse hewa pale kilipokuwa. Kinubi chenyewe kinachosikika hupigwa ndani ya okestra. Cha jukwaani kinaweza kuwa cha mbao na uzi tu.

Cha pili ni picha ndogo ya malkia ambayo Smeton ameiiba na kuivaa kifuani. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza, mfalme anawakuta wote pamoja. Kijana, kwa kutaka kuthibitisha kwamba malkia hana hatia, anafungua vazi lake na kumtolea mfalme kifua amuue, na picha inadondoka. Hicho kitendo kimoja kinamwangamiza Anna. Kisipoonekana, watu hawataelewa lolote linalofuata. Picha iwe na mnyororo wa dhahabu na fremu ya chuma ili ikianguka itoe sauti; sakafu ya mahali pale isiwe na zulia; kifungo cha vazi kiwe cha sumaku; na kijana azoee kufanya tendo hilo mara hamsini kabla ya kuingia na muziki. Katika onyesho letu la kwanza mnyororo ulinasa kwenye kifungo, picha ikaning'inia, na Enrico akalazimika kuinyofoa kwa mkono. Tangu hapo sisi huweka picha ya pili mfukoni mwa Enrico.

Cha tatu ni mkono. Percy anaporudi, anapiga goti kumbusu malkia mkono, na chozi lake linaudondokea. Hapo unaanza wimbo wa watu watano, kila mmoja akiingia kwa zamu na mawazo yake ya siri, na Anna ndiye anayeanza: nilisikia juu ya mkono wangu chozi lako likitiririka. Usimsogeze mtu yeyote. Dakika zile zote simamisha jukwaa, taa iwe juu ya mkono ule, na Enrico awe amesimama mahali ambapo anauona. Baadaye, katika Mnara, Anna autazame tena mkono huohuo.

Hatua ya 6: Maleba

Ni miaka ya 1530. Kosi kubwa za mikunjo zinazozunguka shingo kama sahani ni za enzi za Elizabeth, binti yake Anne, miongo kadhaa mbele, na kila mwaka naziona zikivalishwa kwa makosa. Wakati wa Anne shingo ya gauni ilikatwa mraba, mikono ilikuwa mipana chini, na kichwani ndipo palipokuwa na habari yote. Anne alijulikana kwa kofia ya Kifaransa, ile inayokaa nyuma na kuacha nywele za mbele zionekane. Jane Seymour, katika mchoro wa Hans Holbein ulioko Vienna, amevaa kofia ya Kiingereza yenye pembe kama paa la nyumba, isiyoonyesha hata unywele mmoja. Umeshapata tofauti ya wanawake wawili bila hata neno. Picha ya Anne inayojulikana zaidi, yenye mkufu wa lulu na herufi B, ni nakala iliyochorwa baada ya kifo chake, lakini mkufu huo watazamaji wataufahamu mara moja.

Sasa kwa fundi wa kushona. Mwimbaji apimwe mbavu mara mbili: akiwa ametulia, na akiwa amejaza pumzi mpaka mwisho. Gauni lishonwe kwa kipimo cha pili, na mkazo uwe wa kamba mgongoni zenye mpira ndani. Kofia ya Giovanna inafunika masikio. Pande zake zitengenezwe kwa wavu mwepesi, la sivyo hatasikia okestra na ataanza kuimba juu ya nota. Mahameli ya mapazia ya dirishani yanatosha, yakipigwa taa vizuri. Kwa Mnara, mvue Anna uzito wote. Vazi jepesi la kijivu iliyokolea, nywele chini, shingo wazi. Ile shingo wazi ndiyo inayowakumbusha watu upanga, kwa hiyo upanga wenyewe hauhitajiki.

Hatua ya 7: Mazoezi, ukianzia nyuma

Waimbaji waje wakiwa wameshahifadhi nota. Kisha jipe wiki tano. Wiki ya kwanza fanya Mnara tu: Anna, Percy, Rochefort (kaka yake Anna), Smeton na wanawake wa kwaya. Wiki ya pili duwa ya malkia na Giovanna, pamoja na matukio ya hukumu. Ya tatu mwisho wa sehemu ya kwanza, pale kila mtu yuko jukwaani na Anna anashangaa kwa sauti kwamba yeye, Anna, atapelekwa mbele ya majaji. Mwanzo wa opera utengeneze mwishoni kabisa, katika wiki ya nne, mkishajua kinubi kinakwenda wapi. Wiki ya tano ni ya okestra na taa.

Katika wiki zote hizo, Anna asiimbe kwa sauti kamili zaidi ya mara moja kwa siku, na kuna siku asiimbe kabisa bali atembee nafasi zake akinong'ona. Mpange siku nzima ya mapumziko kati ya zoezi la mwisho la mavazi na usiku wa kwanza, na kati ya onyesho moja na jingine ziwepo angalau siku mbili. Mhasibu atalalamika. Mwonyeshe tarehe za maonyesho za kumbi kubwa.

Kama huna okestra kamili, wapiga ala kumi na watano wanaweza kuibeba, lakini usimwache mpigaji wa oboe nene, ile wanayoiita korno ingleze. Ndiyo inayomfungulia Anna wimbo wake wa Mnara, anapoomba aongozwe tena hadi kasri alikozaliwa, kwenye miti mibichi na mto uliotulia. Ala hiyo na sauti ya Anna wanazungumza. Kinanda hakiwezi kuchukua nafasi yake.

Hatua ya 8: Taa, kengele, manukuu

Mizinga na kengele za mwisho zitoke mbali, nje ya jukwaa, na mara ya kwanza ziwe hafifu kiasi cha mtazamaji kujiuliza kama amesikia kweli. Anna naye ndivyo anavyojiuliza.

Taa za Mnara zisiwe za buluu. Wazimu wa Anna si giza kwake; anaona siku ya harusi yake, anaona maua, anamwona mfalme akimngoja. Mpe mwanga wa asubuhi wenye joto anapoota, na uuondoe mara moja kengele zinapolia.

Manukuu, yaani tafsiri ya maneno inayoonyeshwa juu ya jukwaa, ukiyaandika kwa Kiswahili, yawe mafupi: mistari miwili, kila mmoja usizidi maneno saba. Maneno yanayorudiwa yasiandikwe tena, watu wainue macho wamtazame mwimbaji. Infelice, neno analoambiwa Giovanna anaposamehewa, usilitafsiri kuwa mtu asiye na furaha. Ni maskini wewe. Watu wa ikulu wamwite Anna Malkia wangu mpaka sehemu ya kwanza inapoisha, na askari wanaomlinda Mnarani wasimwite chochote. Anayebofya manukuu awe mtu anayesoma nota, si mtu wa kompyuta peke yake. Na pale kwenye Coppia iniqua, afanye hivi: asitoe mstari wa enyi wawili waovu ukae peke yake. Autoe pamoja na siwaombei kisasi, kwa pamoja, ili macho ya watu yapate sentensi nzima kabla okestra haijawachukua.

Hatua ya 9: Usiku wenyewe

Anna afike saa tatu kabla. Chumba chake kiwe karibu na jukwaa, pasipo ngazi. Kati ya kuondoka kwake jukwaani katika sehemu ya pili na kuingia kwake Mnarani, Giovanna na Percy wana nyimbo zao. Huo ndio muda wake pekee, na mtu mmoja tu aruhusiwe kuingia chumbani, akiwa na maji ya uvuguvugu na vazi la kijivu. Hakuna maelekezo mapya saa hiyo, hata kama umeona kosa.

Mwishoni, wengine wakimlilia, mwache atembee mwenyewe kuelekea mlango wa nyuma, askari wasimshike. Nota yake ya mwisho ikitoka, okestra bado ina mapigo machache ya kumaliza. Msimamizi wa jukwaa asiguse pazia mpaka pigo la mwisho kabisa. Watu wataanza kupiga makofi kabla. Mwache asimame hivyohivyo, mgongo kwao, shingo wazi. Pazia likishuka, mpe nusu dakika. Mpelekee kiti na maji. Kisha ndipo ulipandishe tena.